Jiko la Mkaa Bafuni kwa Mzazi

Shangazi Dorkasi, shikamoo. Naomba msaada wako, na hasa naomba uniazime ulimi, maana wangu umekwama. Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza na mama mkwe amekuja kutoka Mkwaja kumlea, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, kwa kweli sina la kumlaumu, ila sisi tunakaa Raskazone katika nyumba ya zamani ya babu yangu, dari iko juu, kuta nene, sakafu ya bafu ni baridi na upepo huu wa Julai unapenya dirishani palipovunjika kioo, basi mama akaona mzazi ataingiwa na baridi, akatia jiko la mkaa bafuni, akaziba dirisha lote kwa magunia na mlango akaufunga, na mke wangu akaanza kutoka humo analalamika kichwa na kichefuchefu, mama akasema hiyo ni baridi ya uzazi imempanda kichwani, akaongeza mkaa.

Mimi nikaleta hita ya umeme, nikaivutia waya wa ekstensheni kutoka sebuleni, nikaiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, maji yakairukia, ikalia pa! taa zikazimika nyumba nzima, mama akacheka, akasema, "Baba, moto wa kweli hauna waya," na jiko likarudi.

Juzi mke wangu miguu ilimwishia nguvu akaanguka humo humo, mama akamkokota mpaka barazani huku naye amejishika kichwa, na sasa anasema mtoto akikatika kitovu naye ataogeshwa humo kwenye joto. Mke wangu nikimwambia zungumza na mamako, anasema akisusa akarudi Mkwaja nani atanikanda, na mimi mkwe wa kiume nitaanzaje kumwambia mama mambo ya bafuni anamomwogesha mwanawe, hata kumtazama usoni naona haya. Kipindi chako cha redio mama hakimpiti. Nisemee wewe, na jina langu usilitaje.

Mkwe, Raskazone.

* * *

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Jina sitalitaja, ingawa mama mkwe wako akisikia habari ya magunia dirishani atajua ni nyumba gani, na mimi nataka ajue.

Lakini nianze na wewe. Mkeo ameanguka bafuni, nawe ukakaa kuniandikia? Haya gani hiyo? Mkwe huheshimiwa, sikatai, ila kubeba jiko ukalitoa nje hakuhitaji hata kufungua kinywa. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu, haina rangi wala harufu, na mahali palipozibwa humlegeza mtu taratibu, akalala asiamke. Mpeleke mkeo hospitali leo pamoja na mama, na habari ya jiko uwaeleze madaktari bila kuficha.

Na hita yako nayo itoe. Nyumba ya babu ina nyaya za babu. Waya wa kuburuta na maji ya kuoga havikai pamoja, na ndoo si meza. Ukitaka umeme bafuni, mwite fundi akague nyaya zote kwanza, kisha afunge hita ya bafuni hasa, juu ukutani, mbali na maji.

Sasa niachie nizungumze na mama. Shikamoo mama. Umekanda wazazi wengi huko Mkwaja na wote wakainuka wazima, na sababu naijua. Ua wenu wa kuogea ni wa makuti, juu wazi, jiko mkiliweka pembeni hewa yake inapanda inakwenda zake. Hujaharibu kazi yako, mama, umebadilishiwa bafu. Hili lina dari, na dirisha ukiliziba mnabaki mnavuta sumu ile ile wewe na mwanao. Kama si hivyo, ile baridi ya uzazi ilikuumizaje kichwa wewe ambaye hukuzaa?

Jiko likae uani lichemshe maji. Mwogeshe mchana, jua likiwa limepasha kuta. Kabla hajaingia, mwaga maji ya moto sakafuni mvuke utande, halafu kausha asije akateleza, umwekee ubao wa kukanyagia. Kanga za kumfunika zianikwe juani zikutane naye zina joto. Mtoto aoge chumbani, ndani ya beseni. Kioo kilichovunjika mkweo atatia kipya, lakini tundu la hewa la juu lisizibwe. Na usisuse, mama, bado unahitajika hapo.

Kijana, ulimi wangu nimekwisha kukuazima, sasa naurudisha kinywani mwangu. Yaliyobaki mwambie mwenyewe, kwa shikamoo na kwa adabu zote. Ila kama wakati huu jiko linawaka bafuni, hiyo shikamoo itangoja. Litoe kwanza.