Ukelele Uliotoka Dirishani

Lodwar, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Je, goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Na Baba, kile kikohozi cha asubuhi kimempa nafasi ya kupumua? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia. Uliniuliza kwenye simu mbona sauti imekuwa nyembamba, nikasingizia mtandao. Mtandao haukuwa na kosa, Mama. Nilikuwa naogopa, na hadi leo naogopa. Acha nikueleze.

Kazi iliyonileta huku unaijua kidogo. Kuna katuni ya Kijapani, ya mfululizo, kuhusu mji unaoelea angani ambao hewa yake inakwisha. Sisi tunaitia sauti za Kiingereza. Wenye kazi walitaka watu wa mitaa ya chini ya mji huo wasikike kama watu waliohama makwao kweli, ndiyo maana studio ikawekwa Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi. Wiki nzima nashinda huko, Jumamosi narudi hapa Lodwar. Mimi hupanga maneno ya Kiingereza yaingiane na midomo ya watu waliochorwa. Mdomo ukifumba, neno liwe limekwisha.

Anayetoa sauti ya mama mmoja katika katuni hiyo ni Nyandeng, mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza chai kambini. Alivuka mpaka wa Nadapal akiwa mtoto mdogo, yeye na mama yake, wakikimbia vita. Ana kicheko kikubwa, na Kiingereza chake amekiokota kwa wateja.

Jumanne tulifika mahali ambapo king'ora cha mji kinalia na mama yule anamwambia mwanawe akimbie. Joto la siku hiyo lilikuwa la kuunguza. Studio yetu ni kijumba cha mabati tulichokivika magodoro ukutani ili kelele zisipenye, na feni ilikuwa imekufa. Tukaona tutazimia humo ndani, nikafungua dirisha. Nyandeng alikuwa amemwacha bintiye Ayen, mtoto wa miaka minne, akicheza kivulini na watoto wa jirani.

Akavaa hedifoni, akatazama skrini. King'ora kikamlilia masikioni. Alianza vizuri kwa Kiingereza, "Kimbia mwanangu, usitazame nyuma!" Halafu Kiingereza kikamponyoka. Akapiga ukelele kwa Kidinka, lugha yao, ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. 

Nje kukawa kimya. Kisha nikasikia miguu.

Wiki hiyo palikuwa na minong'ono kwamba wenyeji na watu wa kambini watapigana kwa sababu ya maji. Waliousikia ule ukelele hawakungoja kuuliza. Nilipotoka mlangoni, wanawake walikuwa wanakimbia na sufuria bado mikononi, mzee mmoja ameanguka, vumbi limefunga njia yote. Mtu akapaza sauti, "Wameingia! Wana bunduki!" Mama, nilijua hakuna aliyeingia. Nilijua sauti ile imetoka kwetu.  Lakini nilishikilia nguzo ya mlango, sikuweza kuiachia.

Nyandeng alinipita akikimbia. "Ayen! Ayen!" Kivulini hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Wanaume wakatujia na fimbo. "Nani amelia humu?"  Nyandeng akarudi mbio, akajipiga kifua, akawaambia kwa Kiarabu cha Juba kisha kwa Kiswahili, "Ni mimi! Ni mchezo ya video! Vita hakuna! Mtoto yangu amepotea, saidia mimi!" Mmoja akainua fimbo, akamtazama usoni, akaishusha. Wakaanza kutafuta pamoja nasi.

Tulishuka hadi kwenye mto mkavu, upande wa Lopur. Kila kichaka nilikiogopa. Niliogopa kukuta kiatu chake, niliogopa kukuta mwenyewe. Mwishowe tukamwona mama mmoja wa Kiturkana, muuza makaa, amekaa chini ya mgunga na shuka lake limetuna mbele.

"Ejok," akasema taratibu, ndiyo salamu ya kwao.

Nikaitika, "Ejok." Akafunua shuka. Ayen alikuwa amelala kifuani kwake, jasho tupu.

Jioni mkubwa wetu wa Nairobi akasikiliza ile rekodi, akapiga simu. "Sauti ya namna hiyo haipatikani mara mbili. Iacheni hivyo hivyo."

Nilimwambia Nyandeng aliporudi Alhamisi. Akatikisa kichwa. "Hiyo toa. Hiyo si ya katuni." Kisha akasema, "Pale Nadapal mama yangu hakupiga kelele. Aliweka mdomo kwa sikio yangu, akasema pole pole. Kama angepiga kelele, sisi yote tungekufa."

Lakini mama wa kwenye skrini amepanua kinywa. Nikarudisha picha nyuma na mbele, mpaka nikaona mahali anapomwinamia mtoto na nywele zinamfunika uso. Hapo midomo haionekani. Tukafunga dirisha, Nyandeng akayaweka maneno yale ya kumwambia mtoto akimbie hapo, kwa mnong'ono. Kinywa kilichopanuka tukakiachia king'ora. Mkubwa alisikiliza, akarudia kusikiliza. "Sawa. Tumeni hiyo."

Nimesikia maelfu ya makelele katika kazi hii, Mama, na hakuna lililonitisha kama mnong'ono ule. Nilitoka nje nikakaa chini.

Nisalimie Baba, na Bibi huko juu kwake, na Mjomba fundi wa baiskeli, na Shangazi wa kwaya. Mwambie aniombee kwa jina. Nawe ukipata nafasi nipigie, usitafute habari ya kunipa. Weka tu simu karibu na jiko, nisikie ukimkaripia Baba.

Ni mimi binti yako,
Wakesho