Msimu wa Mwisho wa Kaunta ya Uwindaji

Jumatatu, 4 Novemba

Darla yupo tena pale nje ya duka. Baridi ya kukata masikio, naye kasimama na bango lake kati ya mlango na vile vikapu vya magurudumu. Picha ya mwanawe Joel kaifunika nailoni isilowe. Maneno ni yale yale: MSIUZE TENA HAPA.

Nikampelekea kahawa. Mwezi wa tano alikuwa akiimwaga mbele ya viatu vyangu. Siku hizi anaichukua. Hasemi asante, wala sitaki asante.

"Arvid, umenenepa," kasema. Basi. Tulisoma darasa moja, nyumba zetu zinatazamana. Ana haki.

Joel alinunua bunduki kwenye kaunta yangu mwezi wa nne. Miaka ishirini na miwili. Karatasi zote safi, serikali ikajibu ndiyo. Ilikuwa zamu ya Vern, mimi nilikuwa kwa daktari wa meno. Kesho yake kijana akajiua nayo. Vern aliacha kazi wiki ile ile, akahamia Florida kwa bintiye. Nimebaki mimi na kaunta.

Darla huniambia: ungekuwapo wewe, ungemwona usoni. Ningeona nini! Mteja akija mimi namtazama mabega, kama bunduki inamkaa. Nyuso sijui kuzisoma. Sijawahi kumwambia hivyo.

Meneja Prentiss anasema makao makuu wanamtuma mtu. Wanataka kuamua kama duka letu liendelee na vifaa vya uwindaji au viondoke. Alisema huku anatabasamu. Kijana huyu hutabasamu hata akimfukuza mtu kazi.

Jumatano, 6 Novemba

Mtu wa makao makuu ni mwanamke. Bi Osgood. Mfupi, ana koti jembamba la mjini — kwa baridi hii! Mke wangu Ruthanne angemviringisha blanketi palepale.

Nilidhani ataanza na Joel. Nilikuwa nimejiandaa, hata usingizi sikupata vizuri. Yeye akatoa futikamba, akapima rafu. Kila futi ya ukuta ina kodi yake, kasema, na anataka kujua inailipaje. Uvuvi unalipa mwaka mzima. Ukuta wa bunduki unalipa vuli, halafu unalala hadi mwezi wa nane. Tena unataka mtu aliyefunzwa asimame hapo kutwa, na kabati lenye kufuli, na bima. "Soksi hazihitaji mtu wa kusimama, Bwana Arvid. Zinajiuza zenyewe."

Nikamwambia lakini soksi zinauzwa na risasi! Nikamweleza. Mwanamume anaingia kununua pakiti moja ya risasi. Anatoka na soksi, betri, nyama kavu, kahawa, glavu, na mshumaa wa kunukia wa kumhonga mkewe asinune wiki mbili. Fuata risasi, utaona kapu limejaa.

Alicheka kweli kweli. Akaandika. Akauliza maswali mengine mengi juu ya kapu, na mimi — mjinga mimi — nikajiona profesa.

Mwisho nikauliza: na yule mama pale nje?

Akatazama mlangoni. "Hayumo kwenye hesabu," akasema polepole, bila ubaya. "Ningependa kukwambia yumo."

Hayumo.

Alhamisi, 14 Novemba

Kesho msimu wa kulungu unafunguliwa. Shule zimefungwa, karakana zimefungwa, hata yule wakili wa Barabara Kuu kabandika karatasi mlangoni: NIKO PORINI. Duka limejaa nguo za rangi ya chungwa kama shamba la maboga. Nimekata leseni mpaka vidole vikafa ganzi.

Gordy Lahti, fundi wa magari, alikuja kununua risasi na kunitukana, kama kila mwaka.

"Arvid, nipe zile zinazompata kulungu zenyewe."

"Zipo, lakini haziuzwi kwa vipofu."

"Basi ulinunuaje wewe?"

Wote wakacheka. Mimi pia. Na nilikuwa na furaha, wallahi nilikuwa na furaha, kisha nikainua macho nikaiona nailoni ya Darla ikipepea nje ya kioo. Wanaume walikuwa wanampita wameinamisha vichwa. Mmoja alimshikia mlango, kana kwamba anataka kuingia. Hakuingia.

Bi Osgood alisimama karibu na mishumaa na kitableti chake, anatazama makapu. Aliponiona akainua kidole gumba. Nadhani tumepona.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikupiga kitu. Jana alasiri alitoka dume, pembe kama kiti cha askofu, akasimama ubavu wote kwangu. Nikamtazama tu. Akaenda zake.

Sijui kwa nini. Ruthanne anasema basi mwaka huu tutakula visingizio kwa viazi.

Jumanne, 3 Desemba

Imekwisha.

Ofisini kwa Prentiss, Bi Osgood kwenye skrini. Kaunta inaondoka mwezi wa kwanza. Mahali pake zitakuja jezi za timu na viti vya kukunja. Mimi nitahamia kwenye rangi za nyumba, saa pungufu. Rangi! Mimi sioni tofauti ya kijani na kahawia, Ruthanne ndiye hunichagulia suruali.

Ikabidi niulize bunduki zinakwenda wapi. Nordvik. Duka letu la Nordvik, nusu saa kwa barabara ya ziwani. Kule ukuta unaongezwa mara mbili, na kaunta mpya, na taa.

Nikasema kwa nini wao! Bi Osgood akanieleza kwa upole, kama daktari. Ni lile kapu langu. Wamelifuatilia kwenye mashine zao, wakaona nilisema kweli: kapu linafuata risasi. Sasa kama linafuata, litafuata mpaka Nordvik pia. Wawindaji wetu wataendesha nusu saa, watajaza soksi na kahawa kule kule, na mfuko ni ule ule wa kampuni. Kwa nini ilipe kaunta mbili? "Wewe ndiye uliyenifumbua macho," kasema. Alidhani ananisifu.

Nimejisukia kamba mwenyewe, na kitanzi nimekivaa nacheka.

Halafu Prentiss: nisitamke neno Nordvik nje mpaka mwisho wa Januari. Tangazo lina namna yake.

Ruthanne nimemwambia. Ruthanne si nje.

Ijumaa, 13 Desemba

Sasa naijua hiyo namna ya tangazo.

Gazeti la leo, ukurasa wa mbele. Prentiss na Darla mlangoni, bango kati yao, picha ya Joel bila nailoni. Kampuni inasema "baada ya kuisikiliza jamii na familia iliyoguswa" imeamua kuacha kuuza bunduki na risasi katika duka letu. Nordvik haimo hata kwa herufi moja.

Jioni mlango ukagongwa. Darla! Hajavuka barabara ile kuja kwetu tangu mazishi. Ana mkate wa iliki kaufunika kitambaa, bado wa moto. Hakukaa. Alisimama na koti lake jikoni.

"Wamenisikiliza, Arvid. Watu wakubwa vile. Nilijua nawapigia kelele tu kama mbwa wa mlangoni, kumbe walikuwa wanasikiliza."

Akalia. Ruthanne akamkumbatia, na juu ya bega la Darla akanitazama mimi. Lile jicho ninalijua kwa miaka thelathini na minne.

"Nimelala jana," Darla akasema. "Usingizi wenyewe, mpaka asubuhi."

Nikakata mkate. Nikala. Nikasema ni mtamu. Ulikuwa mtamu.

Jumapili, 15 Desemba

Mkahawani baada ya kanisa. Meza ya akina Gordy walimpigia Darla makofi alipoingia, yale makofi ya polepole.

"Asante sana, mama! Mwakani tutawinda kulungu kwa kuwatupia jezi!"

"Baba yangu alinunua bunduki mji huu, babu yangu pia. Mtoto wake mmoja amekosea, sisi sote tuadhibiwe?"

Amekosea. Hivyo ndivyo alivyosema, Gordy yule yule aliyebeba jeneza la Joel.

Darla akaagiza pai yake ya nyama na viazi, akala yote, polepole, mgongo umenyooka. Nilitaka kusimama. Makalio yalikuwa mazito kama risasi — sikusimama.

Jumamosi, 28 Desemba

Usiku wamelivunja sanduku lake la barua. Mlango wa gereji wameuandika kwa rangi nyekundu (nimeambiwa ni nyekundu): ASANTE DARLA.

Nilichukua ndoo na brashi nikavuka barabara. Maji yanaganda kabla hujasugua. Alitoka na ndoo ya pili.

"Acha waandike," kasema. "Yuko mama mmoja mji huu mwanawe angeingia pale mwakani. Simjui, naye mwenyewe hajijui. Sasa mwanawe hataingia. Nikimfikiria huyo mama naweza kuamka asubuhi."

Brashi ilinisimama mkononi. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Nusu saa, Darla. Kwa barabara ya ziwani tu.

Nikaendelea kusugua herufi D.

Jumatatu, 6 Januari

Nimemwendea Prentiss. Nimemwambia watu wanamtesa yule mama kwa jambo asilolifanya, atoe tangazo lingine, aseme ni hesabu ya rafu. Akatabasamu.

"Kwani tumedanganya? Hatukumsikiliza? Mimi mwenyewe nilimpa mkono."

Kisha, akiwa bado anatabasamu: ningependa kuendelea na zile saa za rangi, sivyo?

Nyumbani Ruthanne alikuwa anamenya viazi, hakugeuka. "Ukimwambia, unamzikisha mtoto mara ya pili. Usipomwambia, hawa wajinga watamfukuza mji. Chagua, mzee, lakini chagua. Umekuwa kama mtu aliyesimama mlangoni, baridi yote inaingia ndani."

Ijumaa, 10 Januari

Nikachagua njia ya mwoga. Nilikwenda gereji kwa Gordy, nikamwambia yeye. Kila kitu: futikamba, kapu, Nordvik. Nilifikiri wao wakijua wataacha, na Darla abaki na usingizi wake.

Gordy akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kwa huruma.

"Arvid, kaka. Unamtetea jirani, ni vizuri. Lakini gazeti nimelisoma mwenyewe."

Hakuniamini! Watu wameshapata wa kumchukia, ana uso na ana nyumba. Nani ataacha kumchukia Darla akachukie futikamba?

Jumatano, 15 Januari

Naandika ndani ya pikapu, maegesho ya duka.

Lori lilifika saa nne. Nilizitoa bunduki mimi, moja moja, nikazihakiki namba, nikazifunga kwenye makasha. Ukuta umebaki matundu ya skrubu. Nilidhani nitasikia kitu. Nilisikia njaa.

Tulipokuwa tunapakia Darla akaja. Alikuwa hana bango, kavaa lile koti lake la kanisani. Alisema amekuja tu kuona. Akasimama kando ya mlango wa lori, mikono kaikunja mbele kama mtu kaburini, na kila kasha lilipopita midomo yake ilitikisika. Sijui ni sala au nini.

Kasha la mwisho likaingia. Akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa: "Wanakwenda kuziyeyusha wapi?"

Kuziyeyusha!

Miezi yote hii, hivyo ndivyo alivyoelewa. Na mimi, mtu mzima wa miaka sitini na moja, nikafungua mdomo nikasema: "Dereva ndiye anajua."

Dereva, mtu mwema, hana habari na lolote, akageuka na kumjibu kwa furaha. "Kuyeyusha? Hapana, mama! Nordvik, hapo tu. Wamejenga ukuta mpya, mzuri, nenda ukauone!"

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinitazama mimi, si dereva.

"Ulijua."

Nikasema Darla. Jina tu.

"Siku ile ya mkate," kasema. "Ulikuwa unajua, na ukala."

Akaenda kwenye gari lake, akakaa bila kuliwasha. Lori likaondoka. Hapo ndipo akawasha, akalifuata, taa zote zinawaka mchana kweupe, taratibu, kama wanaofuata jeneza. Wamepinda kulia, barabara ya ziwani.

Nimempigia simu. Inaita. Nimempigia Ruthanne, ameniuliza swali moja tu: "Na wewe bado uko hapo?"

Theluji imeanza, ile nzito. Injini nimewasha. Prentiss katoka nje bila koti anagonga kioo. Jezi zimefika, anasema, na funguo za kabati ziko na nani? Ziko mfukoni mwangu. Naona mdomo wake unavyokwenda nyuma ya kioo, na lile tabasamu. Nampigia Darla tena. Inaita