Lori Lenye Magurudumu ya Patipati

Nkubu,
Jumapili jioni

Kwako kaka Mwongera,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumai hujambo, wifi Carol hajambo, na watoto wanaendelea vyema na shule. Mgongo je, umepoa? Mutegi, yule jirani yetu anayepeleka ndizi soko la Kianjai, aliniambia ulikusumbua sana wakati wa kupanda maharagwe. Sisi huku tuko wazima, ila mama ana kikohozi cha baridi, na mimi nimejidunga kidole na sindano ya cherehani. Usicheke. Fundi aliyeshona nguo miaka ishirini kushonwa na cherehani yake mwenyewe, aibu iliyoje!

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama mtoto wa bweni ilhali simu ninayo. Sababu utaiona mbele. Najua pia kwamba nikikupigia nikataja nyumbani, mara moja unasema mtandao ni mbaya. Kianjai nzima ina mtandao isipokuwa wewe.

Baba tulimzika vizuri. Tulikungoja hadi saa tisa. Watu wa kanisa waliimba nyimbo zikawaishia, wakaanza kurudia. Udongo wa kwanza ni wa kifungua mimba, kwa hiyo mchungaji alikuwa akitazama barabarani, na sisi sote tukitazama alikotazama. Mwishowe mama alinisukuma mimi. Udongo mwingine ukaangukia viatu vyangu. Kaburi bado ni la udongo mtupu. Vijana walikuja na saruji wiki iliyopita, mama akawafukuza. Alisema halitafunikwa mpaka wewe ufike.

Tangu siku hiyo akili yangu haiishi kurudi kwenye vitu vyetu vya kuchezea. Nikiwa nakata kitambaa cha sare za shule, naona ule mpira wa majuala ya plastiki uliokuwa ukiufunga kwa kamba za mgomba, mzito kama jiwe ukinyeshewa. Naona lile tairi la baiskeli tulilolikimbiza hadi mtoni, na ile skuta ya mbao isiyokuwa na breki, iliyokutoa jino. Mimi nilikuwa na wanasesere wangu wa mahindi machanga, wale wenye nywele ndefu nyekundu. Nilikuwa nawasuka, na baada ya siku mbili wananyauka, nami nawazika nyuma ya choo kwa maombi marefu.

Lakini hakuna kilicholifikia lori lako la waya. Magurudumu uliyakata kwenye ndara za mama, zile patipati nyekundu, na kofi la patipati hizo ulilipata. Taa zilikuwa vizibo vya soda. Usukani ulikuwa juu ya fimbo ndefu, kwa hiyo ulitembea wima kama dereva wa kweli huku ukinguruma kwa mdomo hadi mate yanaruka. Nilikuomba uniachie niendeshe, hata hadi kwenye mparachichi tu na kurudi. Ukasema wasichana hawaendeshi, niende nikanyonyeshe mahindi yangu. Wenzako wakacheka. Mimi nililia, wewe ukaenda zako na lori lako. Haki, kaka, siku hiyo nilikuchukia!

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaandike. Waya ulikatwa kwenye meza za wavu za kukaushia kahawa pale kiwandani, ambako baba alikuwa mlinzi. Meza ikapasuka, kahawa ya watu ikamwagika topeni, na usiku huo mvua ikanyesha. Wanakamati wa kiwanda walikuja hapa kwetu wanne, wakasimama uani, wakamwuliza baba analinda nini. Baba akaliona lori lako limeegemea ukuta. Ulimwambia waya ulipewa na Bundi, fundi wa baiskeli, na ilikuwa kweli. Lakini Bundi alikuwa amehamia Isiolo, hakukuwa na wa kuulizwa. Baba akalivunja lori kwa kisogo cha shoka, kisha akakupiga mbele ya wanakamati na majirani, hata mmoja wao akamsihi aache. Kabla ya wiki kuisha ukapelekwa Kianjai kwa mjomba Kailemia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilisimama nyuma ya mama, nimeshika leso yake, nikakutazama ukibeba boksi lako la nguo kichwani. Hukugeuka.

Ulipompa mwanao wa kwanza jina la mjomba badala ya jina la baba kama ilivyo desturi, kila mtu hapa alielewa. Baba hakula siku hiyo. Alienda kukaa migombani, na alipotoka alisema tu kwamba mtoto ni mtoto, jina lolote Mungu analijua.

Sasa nisikilize. Alhamisi tulifungua sanduku lake la bati kugawa nguo. Chini kabisa, ndani ya gazeti lililogeuka manjano, tulikuta mzingo wa waya mpya, haujawahi kukunjuliwa, na patipati moja nyekundu ambayo haijavaliwa. Nilikaa chini kwenye sakafu. Mama ndiye aliyeeleza. Alisema baba alivinunua mwaka uleule, mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka. Alimwambia kwamba ukija Krismasi atakupa, utengeneze lori jingine, usiwe na haja tena ya kuiba. Krismasi hukuja. Krismasi iliyofuata pia hukuja. Alikuwa akivitoa, anavipangusa, anavirudisha.

Usiwe na haja ya kuiba! Kaka, maneno hayo yaliniingia hadi mfupani. Nilitoka, nikaenda jiko la zamani, nikapanda juu ya kinu, nikapapasa darini tulipokuwa tukikausha kuni. Kilikuwa bado pale, cheusi kwa masizi. Ni kigari kidogo cha waya, kimepinda, chenye magurudumu matatu. La nne lilinishinda. Waya wake ni ule wa meza za kahawa. Niliukata mimi, kwa koleo la baba, mchana wa Jumapili watu wakiwa kanisani, kwa sababu ulikataa niendeshe lori lako. Nilikiendesha mara moja tu, nyuma ya migomba, na hakikuenda hata hatua kumi.

Nilikiweka mbele ya mama. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza ulipokuwa ukipigwa. Nikamwambia niliogopa nami nitapigwa. Akasema hilo analielewa, mtoto wa miaka tisa huogopa, lakini leo nina miaka arobaini na miwili, na baba nimemuuguza miezi minane, nikimlisha uji kwa kijiko. Kila nilipomlisha nilisema nitamwambia kesho.

Mama hajanisemesha tangu hapo, ila jambo moja. Alisema ulipigwa mbele za watu, kwa hiyo nisikunong'onezee kwa simu. Niandike kwa mkono wangu na kutia jina, ili uwe na kitu cha kuonyesha. Mwonyeshe Carol. Mwonyeshe mjomba. Waonyeshe watoto, wajue baba yao hakuiba. Jumapili ijayo nitayasema haya mwenyewe hapa uani, mbele ya majirani, ufike usifike. Ukifika utakuta udongo wako umekungoja kaburini.

Mzingo wa waya na patipati nimempa Mutegi akuletee pamoja na barua hii. Sijui kama nafanya sawa. Baba alikusamehe, Mwongera. Miaka thelathini na mitatu alikusamehe kosa langu, na mimi nilikuwepo mezani nikila naye.

Wasalimie wote nyumbani kwako, hasa yule mdogo anayependa kuchorachora magari. Mama anasema upake mgongo mafuta ya moto kabla ya kulala, na kwamba kitanda chako kimetandikwa.

Ni mimi niliyekata waya,
dada yako,
Kiende