Kibali Kimetoka, Mama Kabula Ameondoka

Alhamisi. Kahama imeshinda na mawingu, mvua imegoma kunyesha. Nimekaa kitandani na mtandio bado kichwani, sina hata hamu ya kuwasha jiko.

Leo nimepata nilichokihangaikia mwaka mzima, na nimelia.

Kibali cha duka langu la mitumba kimetoka. Nitauza ndani ya lile jengo jipya la maduka hapa Nyahanga, kwenye fremu yenye mlango wa kioo. Haikuwa rahisi. Fremu ile ilipitishwa iwe ofisi, kwa hiyo ilibidi halmashauri ikubali kubadilisha matumizi yake. Wapangaji wa duka la dawa na wa saluni walipinga. Walisema nguo za belo zitageuza jengo kuwa gulio. Nikaahidi kila kitu: nguo zitafuliwa, zitapigwa pasi, zitatundikwa kwenye henga.

Asubuhi ofisa mipango miji akaniita. Kamati imekubali, akasema, ila kwa sharti. Bidhaa zangu zote zikae ndani, na barazani mbele ya jengo asibaki mtu wa kupanga nguo chini.

"Umelielewa sharti, mama?"

Nikasema nimelielewa. Nikasaini.

Nililielewa vizuri sana. Barazani pale anayepanga nguo chini ni mtu mmoja tu, Mama Kabula.

Mume wangu alipofukiwa na duara, shimo la dhahabu, kule Geita, nilirudi hapa na mtoto mgongoni, sijui pa kuanzia. Mama Kabula hakuwa ndugu yangu. Alisogeza nguo zake za watoto upande mmoja wa turubai, akanigawia nusu, akasema, "Kaa hapa, uza." Alinifundisha kuchambua belo, kukagua zipu, kumkaribisha mteja bila kumchosha. Siku nilizozidiwa na kilio mbele ya wateja, alinikinga kwa kitenge chake mpaka nitulie.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, kabla mgambo hawajafika kumwondoa.

"Shikamoo, mayu. Kibali kimetoka!"

"Marahaba!" Akapiga vigelegele mpaka watu wa saluni wakachungulia. Akanishika mabega, anacheka. Ikabidi nimalizie habari yenyewe huku mikono yake iko mabegani mwangu.

Mikono ikashuka.

Nikamwambia harakaharaka aje tuuze wote ndani, nitamtengea ukuta mzima wa nguo za watoto. Alikitazama kile kioo kwa muda.

"Wateja wangu ni wa kuinama, Mama Joy. Mwanamke aliyetoka shamba na vumbi miguuni, mlango ule hausukumi." Akanigeukia. "Na mimi siwezi kukaa humo nasubiri uniambie nikae wapi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikunja vigauni kimoja kimoja, akafunga turubai kwa kamba, akasema kesho anarudi kwao Mhunze kwa kaka yake, kuna kulima. Nilipoinama kumsaidia mzigo akasema, "Wabeja, asante, nitauweza," akajitwika mwenyewe.

Baraza likabaki jeupe, kama kamati ilivyotaka.

Tangu mchana najiambia kwamba ningekataa, fremu angepewa mwingine, na yeye angeondolewa vilevile. Huenda ni kweli. Hainisaidii.

Niliomba ruhusa kwa mwenye jengo, nikaomba kwa wapangaji, nikaomba kwa kamati. Mama Kabula ndiye ambaye sikumuuliza. Nilikwenda kumpa taarifa tu.

Basi la kuelekea kwao huondoka alfajiri. Nitakuwa stendi kabla hajafika. Sijui nitamwambia nini.

Nitakwenda hivyohivyo.