Mwaitu, Wamemvua Mtoto Jina Lako

Mpendwa Mwaitu,

Nakuita hivyo, kwa neno letu la Kikamba la mama, kwa sababu sikuwahi kukuita vinginevyo. Mengine yote nitayaandika kwa Kiswahili hiki cha vitabu ulichozoea kunicheka nacho, tena hadharani, ili wayasome wapangaji wa Mlolongo na waumini wa Katangi na wote walioandika juu yetu majuma haya bila kutujua. Wewe hutayasoma. Lakini wewe ndiye mtu pekee ambaye sihitaji kumthibitishia kwanza kwamba mimi ni binadamu, na nimechoka kuanzia hapo.

Unakumbuka ulivyoniambia nilipokuwa nikiwapinga watangazaji, mwiko wako ukiwa bado ndani ya sufuria? "Nau, wewe utabishana na redio mpaka betri iishe." Uliniita Nau, baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yako. Nilikua nikidhani kila mama humwita mwanawe baba. Chuo kikuu niliandika insha ndefu kuhusu desturi hiyo nikapata alama za juu, na nilipokusomea ulisema tu, "Sasa hao walimu walikuwa hawajui?"

Mwaitu, mtoto wa kiume aliuawa Mlolongo. Ninamtaja yeye kwanza kwa sababu waliopaza sauti kwa jina lake walimsahau upesi mno. Alipatikana karibu na machimbo ya mawe, na yeyote aliyewahi kumshika mtoto mkono hawezi kulifikiria jambo hilo kwa muda mrefu bila kusimama na kutoka nje. Polisi walimkamata mwanamke aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kwa wazazi wa mtoto huyo. Ni mtu wa Yatta, wa kwetu. Kabla hajasimama mbele ya hakimu, uso wake ulikuwa umeshazunguka katika kila simu ya nchi hii. Sijui kama alifanya. Sina ushahidi wa kumtetea wala wa kumlaani, na ninaamini huo ndio msimamo pekee wa mtu mwenye akili kabla ya mahakama kusikia lolote. Nimegundua pia kwamba ni msimamo wa upweke mkubwa.

Siku ya kwanza walisema wafanyakazi wa nyumbani ni wanyama. Siku ya pili walisema Wakamba, na uchawi wao, na mambo yao ya gizani. Hayo niliyategemea, nimeyasikia tangu bweni la shule ya upili, ambako wenzangu walikataa kutumia taulo yangu na kuniomba, kwa utani ambao haukuwa utani, nisiwaroge wakati wa mtihani. Jambo ambalo sikulitarajia ni la siku ya tatu. Siku ya tatu Wakamba wenyewe walianza kusema: si sisi, ni wa Yatta. Watu wa mjini Machakos walisema hivyo. Watu wa Mwala walisema hivyo. Nilipofika kwetu Katangi, humo humo Yatta, nikidhani kwamba hapo angalau duara limekwisha, nilimkuta mwenye duka tulilonunulia sukari siku zote akimweleza mteja, "Yule si wa hapa hasa. Aliolewa tu hapa." Kila mtu alimsukuma jirani yake mbele ya umati ili yeye abaki salama nyuma. Nimesoma vitabu vingi kuhusu jinsi watu wanavyowatenga watu, na hakuna hata kimoja kilichonitayarisha kuona watu wakijitenga wenyewe kwa haraka hivyo, na kwa utulivu, huku wakipima sukari.

Lakini hayo ni mabishano, nawe hukupenda mabishano yangu. Nataka kukueleza habari za wajina wako, yule mtoto aliyepewa jina lako katika nyumba uliyofanyia kazi Mlolongo.

Utaikumbuka siku aliyozaliwa kuliko mimi. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka mizani ya kuyapimia mizigo hadi ng'ambo ya barabara, Baba Mutheu yuko kiwandani Athi River, na Mama Mutheu akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Gari lililoitwa halikufika. Ulimshusha kutoka ghorofa ya tatu hadi ya pili, na hapo mtoto akakataa kungoja. Ulimpokea kwa leso yako, ngazini, adhuhuri, huku ukiwafokea majirani waliotoka kutazama: "Kama hamleti maji, fungeni mlango." Ulikuwa umeshamlea Mutheu, mtoto wao wa kwanza, katika nyumba hiyo, sasa ukampokea na mdogo wake kwa mikono yako mwenyewe.

Wanawake walipokusanyika kumpa mtoto jina, bibi zake wawili walikuwepo na kila mmoja alikuwa na la kupendekeza. Baba Mutheu alisema hapana. Kisha akasafiri mwenyewe hadi kwetu Katangi, na sukari na majani ya chai, akakaa kwenye kiti chako kibovu, akasema, "Mama, umepata wajina. Yule ni Syombua." Ulificha uso kwa leso. Miaka yote niliyoishi nawe sikuwahi kukuona ukificha uso.

Kuanzia siku hiyo kile kitoto kikawa mama yangu. Wasiotujua hudhani ni mchezo, na kweli tuliucheza kama mchezo, lakini kwetu jina si lebo ya shati. Kila mwisho wa mwezi nilipopita Mlolongo na asali ya Katangi, nilisimama mlangoni na kuinama.

"Mwaitu, umeshindaje?"

"Nimeshinda vizuri, mwanangu," angejibu, hajafika hata kiunoni mwangu. "Kwani umekonda? Umeniletea nini?"

"Asali."

"Leta nione kama si ya maji."

Naye angechovya kidole, akaonja macho yamefungwa, kisha akatoa hukumu mbele ya nyumba nzima. Wewe ulikuwa ukicheka hadi unashika ukuta. Na tulipokuzika, mchungaji alipomaliza, Baba Mutheu alimnyanyua mtoto juu watu wote wamwone. "Hatujamzika Syombua," alisema. "Syombua ni huyu." Nilimwamini. Sentensi hiyo ilinibeba kwa mwaka mzima uliofuata, siku ambazo vitabu vyote nilivyovisoma vilikuwa karatasi tu.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi.

Nilifika na asali kama kawaida nikakuta wapangaji wamekusanyika chini, pale magari yanapoegeshwa, viti vya plastiki vimepangwa. Baba Mutheu aliniona, akanisogezea kiti. Mwenyekiti wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa akisoma masharti mapya.

"Kuanzia Jumatatu, hakuna mfanyakazi wa nyumba kuchukua mtoto kwa basi ya shule. Mzazi ashuke mwenyewe. Na hawa wasichana wote walete barua ya chifu wao."

"Na wale wa Yatta?" mama mmoja aliuliza.

"Hao tukae bila wao kwanza."

"Wangu nilimrudisha jana," mwingine akasema. "Nilimwambia aende akasalimie watu wao." Watu wakacheka, si kwa ubaya, kicheko kile cha majirani wanaokubaliana.

Niliinua mkono. Unanijua. Niliwauliza kama angekamatwa mhasibu, wangewafukuza wahasibu wote jengoni. Niliwauliza ni nani amewanyoa watoto wao, amewaogesha, amekesha nao wakiwa na homa, miaka yote hii wazazi wakiwa kazini. Nilisema kwamba mtoto aliyekufa anastahili haki, na haki si kumwadhibu kila anayetoka njia moja na mshukiwa. Niliyasema vizuri, Mwaitu. Ulimlipia karo mtu anayejua kusema.

Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho. "Profesa, wewe ni wa nyumba gani?"

"Mimi ni mgeni wa Baba Mutheu."

"Mgeni kutoka?"

"Katangi."

"Aa," akasema, akawageukia wenzake. "Sasa somo limeeleweka."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Nilimtazama Baba Mutheu. Alikuwa akisoma kitu kwenye simu yake, na kioo cha simu kilikuwa cheusi.

Tulipanda juu. Mama Mutheu alinikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani bila kungoja jibu. Mtoto alitoka chumbani mbio, sare ya shule bado mwilini, akaiona chupa ya asali niliyokuwa nikiiweka mezani, akanyoosha kidole.

"Natasha, toa mkono," mamake akasema.

Nilitazama nyuma yangu kumtafuta Natasha.

"Ni jina lake la ubatizo," Mama Mutheu akasema, akikunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. "Hatumwiti lile lingine siku hizi. Watoto wa shule wanamchokoza."

"Wanamchokoza kwa nini?"

"Wanajua ni la nani."

"Ni la nani?"

"Nzioka, usianze."

Mtoto ndiye aliyejibu. Alijibu vizuri, kama anayejibu swali la mwalimu wa gredi ya pili na anajua amepata. "Ni jina la mboch."

Sikumkasirikia. Neno hilo la mitaani la kumwita mtumishi wa nyumbani hakuzaliwa nalo. Aliwekewa mdomoni, kama uji.

"Na asali?" nikauliza.

"Si wewe, Nzioka," Mama Mutheu akasema. Nadhani alikuwa karibu kulia, na nakiri hilo kwa sababu nataka kuwa mkweli kuliko wao. "Ni vile watu wanasema. Vitu vya huko, kwa wakati huu, mtu hawezi jua."

"Huko wapi, Mama Mutheu? Si wewe ni wa Mwala?"

"Mwala si Yatta."

Ndipo nilipofanya jambo ambalo limenifanya nikuandikie. Nilifungua chupa. Niliomba kijiko. Hakuna aliyeniletea, nikachovya kidole changu mwenyewe, nikala asali ile mbele yao, nikameza, nikafungua mdomo kidogo waone kwamba nimemeza. Mimi, mwenye shahada ya daraja la kwanza, niliyewahi kusimama katika mashindano ya midahalo nikawanyamazisha watu wa vyuo vikubwa kuliko changu, nilisimama kwenye zulia ulilolifagia kwa miaka na kuonja chakula kuthibitisha kwamba mama yangu hakuzaa muuaji.

"Si lazima, bwana," Baba Mutheu akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu nifike.

"Kwa nini anakula asali yangu?" mtoto akauliza.



Nilipotoka niliinama kama kawaida. "Mwaitu, naenda." Alifungua mdomo, kisha akamtazama mamake kwanza, kuona kama inaruhusiwa. Haikuruhusiwa. Nilishuka ngazi.

Najua ungenituliza. Ungesema watu wameogopa, mtoto amekufa, tuwape muda. Na hofu yao ni ya kweli. Simnyimi mzazi yeyote hofu yake. Lakini kuna jibu moja ninalowadai: asubuhi, mchana na jioni, miaka yote ile, watoto wao walikula kutoka mikononi mwako. Ulionja uji usiwe wa moto, si usiwe wa sumu. Hakuna aliyekuambia umeze na ufungue mdomo. Kama Yatta ni sumu, walikula sumu wakanenepa. Kama si sumu, basi waliyoyafanya juzi hayakutokana na hofu. Yalitokana na kitu kilichokuwepo muda wote, kikakaa kimya kwa adabu, kikingoja mtu mmoja akamatwe ili kipate ruhusa ya kuongea. Nimelizungusha wazo hilo kichwani siku nzima nikitafuta kosa ndani yake. Sijalipata. Natamani ningelipata.

Kinachoniuma kuliko lile la mwenyekiti ni kwamba yule mtoto atakua akidhani amepona kitu. Atajaza jina la Natasha kwenye kila daftari, na siku moja atauliza lile lingine lilikuwa la nini, nao watamwambia ni la mtu aliyewahi kufanya kazi hapa. Hawatamwambia kuhusu leso. Hawatamwambia kwamba babake aliwahi kumnyanyua juu ya kaburi na kulitangaza jina hilo mbele ya wilaya nzima. Jina likinyamazishwa katika nyumba moja, Mwaitu, unazikwa mara ya pili, na safari hii hakuna anayelia.

Kaka anasema niwaache, kwamba mkewe akijaaliwa binti tutakupa jina upya hapa nyumbani, na wale wabaki na Natasha wao. Nimemkatalia. Binti wa kaka atakuwa na haki yake. Huyu naye ana yake. Alipewa na wanawake waliokuwa na akili timamu, mchana, akiwa amezungukwa na watu waliompenda, na hakuna mkutano wa wapangaji wenye mamlaka ya kulifuta.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi nitapanda tena hadi ghorofa ya tatu. Nitainama mlangoni, nitamwita Mwaitu, kwa sauti inayofika chumbani, nami nitangoja. Asipojibu nitarudi mwezi utakaofuata. Wakifunga mlango, nitamwitia nje ya mlango. Lakini sitabeba chochote, na sitaonja tena chochote mbele ya mtu yeyote.

Pumzika, mama. Huku juu bado ninabishana.

Mwanao wa pili,
Katangi