Zawadi ya Krismasi ya Dama

Waa, Kwale.
28 Desemba 2024

Mpendwa Dada Mwanarusi,

Assalamu alaikum na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na Shemeji Swabir na watoto, na kwamba baridi ya Eldoret imepunguza makali. Lile goti lako linaendeleaje? Mama ananiuliza kila siku, nami namwambia nitakuuliza, basi ndiyo nakuuliza.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama bado hataki kusikia habari ya kupunguza chumvi. Shemeji yako Alfani amepata kazi ya kupaka rangi nyumba za wageni Galu, akirudi jioni ana madoa meupe hadi kwenye nyusi. Mvua za vuli zilikuja kidogo, lakini mihogo imeshika.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Nilianza kukurekodia sauti mara mbili nikafuta. Jambo lenyewe linataka mtu atulie, aandike pole pole.

Unamkumbuka shoga yangu Kache, yule Mgiriama aliyepanga nyumba ya nyuma yetu? Sasa anafua nguo katika hoteli moja ya Diani. Mumewe Katana ni dereva wa lori, na wiki nyingi huwa hayupo. Mtoto wao ni mmoja, Dama, amepita mwaka na nusu. Siku za kazi Kache humwacha kwangu, akacheza hapo chini miguuni pangu nikishona. Mtoto mtulivu huyo, dada! Cherehani ingurume, wanangu wapige kelele, yeye hulala kama yuko peke yake duniani. Nilikuwa nikiwaambia wateja, laiti watoto wote wangekuwa hivi.

Kila Idi Kache huja kwetu na kitu cha watoto, hata mwaka ule wageni walipoadimika na hoteli ikawapunguza kazi. Kwa hiyo Krismasi hii nikasema lazima nami nimpe Dama zawadi. Nilitaka kitu ninachokimudu, lakini kisiwe cha mtu aliyetoa ili tu ahesabiwe ametoa. Usicheke, nilihangaika.

Nikaenda Ukunda. Vile vigari vya plastiki vyenye taa na muziki, bei yake ilinirudisha nyuma, na tena kitu cha betri kikishazima huwa hakifufuki. Gauni nalo lingembana kabla ya mwezi wa Ramadhani, na isitoshe mimi ni fundi, gauni kutoka kwangu halina jipya. Kulikuwa na mwanasesere mmoja mwenye nywele za dhahabu na macho ya kutisha, nikamrudisha pale pale alipokuwa. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa nilipomwona mama mmoja anayeuza vinyago kando ya barabara. Alikuwa na kayamba ndogo, upana wake kama sahani ya chai.

"Hizi huwa za wageni," akaniambia, "lakini wewe mwenyeji. Lete ulicho nacho."

Nikalipa, nikarudi nimefurahi. Nilimwona kabisa Dama akiitikisa kayamba yake kanisani na mamake akicheka.

Nilipoingia nyumbani mtoto alikuwa ameketi mkekani, amenipa mgongo, anapanga vibanio vya nguo. Nikasema ngoja nimjaribu. Nikaitikisa kayamba nyuma yake. Hakugeuka. Nikasogea, nikaitikisa kwa nguvu, hadi Mama akatoka jikoni kuuliza kuna ngoma gani. Dama akachukua kibanio kingine. Nikapiga magoti karibu na sikio lake nikamwita jina. Kimya. Kisha paka akapita mbele yake, naye akamwona, akaangua kicheko.

Mama alinitazama nami nikamtazama. Yote niliyokuwa nikiyasifu kwa wateja yalinijia kwa mara moja, na kila moja likawa na maana nyingine.

Alfani aliponisikiliza alisema, "Mwache mwenzio ale sikukuu yake kwanza. Januari utamwambia." Hakukosea, nami karibu nimfuate. Lakini nikajiuliza, mpaka Januari nitakuwa nikicheka na Kache mlangoni huku najua jambo la mwanawe asilolijua yeye? Nikaona huko kunyamaza kungekuwa kwa ajili ya raha yangu, si yake.

Kesho yake alipokuja kumchukua mtoto nilimwekea chai. Nikamwambia, "Kache, naogopa Dama hasikii vizuri."

Akacheka. "Nani, Dama? Huyo ni mpole tu, amemrithi babake."

Basi nikaitoa ile kayamba nikaitikisa mgongoni mwa mtoto, kama nilivyofanya jana yake. Hadi leo najuta. Si kwa kumwambia, bali kwa kumwonyesha vile. Uso wake ulibadilika, akamnyakua mwanawe.

"Kwa hivyo nikiwa kazini nyinyi mwamjaribu mwanangu? Kama mbuzi wa mnadani?"

Akatoka. Chai hakuigusa.

Siku zilizofuata alimpeleka Dama kwa jirani mwingine. Tukionana uani ni salamu tu, na macho pembeni. Nilishona mkono wa blauzi ya mtu nje ndani. Nikamlalamikia Mama, akanijibu, "Mpe nafasi. Wewe ulipata usiku mzima wa kulizoea, yeye hukumpa hata muda wa kunywa chai."

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango nikamkuta amesimama, mtoto mgongoni, macho yamemvimba.

"Nimegonga sufuria mpaka majirani wamenipigia kelele," akasema. "Hanifa, mimi ndiye mamake. Mbona nisijue mimi kwanza?"

Nikamwambia lililonijia. "Kwa sababu ukirudi jioni anakuona kutoka mbali, anakukimbilia. Hujawahi kuwa na haja ya kumwita."

Hapo ndipo alipolia, nami nikalia, na Dama akatupangusa machozi sote wawili akidhani ni mchezo.

Tulikwenda naye hospitali Msambweni, na kutoka hapo tukaelekezwa Mombasa alikopimwa kwa mashine. Sikio la kulia halisikii kabisa. La kushoto linapata sauti kubwa tu. Daktari alisema kuna vifaa vya kuvaa sikioni, naye ameandikishwa, lakini tusikae tukivingoja. Tuanze sasa kuzungumza naye kwa mikono na kwa uso.

Kache akauliza, "Ataniita mama?"

Daktari hakumdanganya. "Atakuita," akasema. "Huenda isiwe kwa mdomo."

Ile kayamba sikuweza tena kuitazama, nikampa mtoto wa jirani yetu Bi Mbodze aliyekuwa ameomba. Nikarudi kwenye kufikiri, na safari hii sikwenda dukani. Niligundua kwamba Ukunda nzima nilikuwa nikitafuta zawadi ya mtoto, mtoto yeyote, na wala sikuwa nikimtafutia Dama. Nikatoa mfuko wa vipande vya leso na mabaki ya vitambaa vya wateja, nikamshonea kitabu cha nguo. Ukurasa mmoja kuku, mwingine nazi, mwingine kikombe, samaki, kiatu, jua. Hakikunigharimu ila uzi, na macho kidogo.

Siku ya Krismasi Kache alitualika. Asubuhi alimleta kuku wake kwa Alfani amchinje, ili nasi tuweze kula kwa raha. Katana alikuwa amerudi. Mwanamume mkubwa yule alikaa chini sakafuni, akafungua ukurasa wa kikombe, akainua mkono mdomoni kama anayekunywa. Dama akautazama mkono, akaitazama picha, kisha akainua wake. Katana akafanya tena, naye akafanya tena. Baba mtu akatoka nje, akakaa huko kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Dada, nina ombi. Huko Eldoret uliwahi kuniambia una jirani anayefundisha watoto wasiosikia. Tafadhali muulize mtu huanzia wapi na mtoto mdogo hivi, na kama kuna picha za ishara atupatie. Kache anataka kujifunza, na mimi pia, maana mchana mzima mtoto yuko na mimi.

Nikwambie la mwisho. Juzi Kache alimleta kama zamani. Dama aliponiona mlangoni alijipangusa shavu kwa mgongo wa mkono, akanitazama. Nikadhani ana kitu usoni. Akajipangusa tena, akaninyooshea kidole. Kache ndiye aliyeelewa.

"Si wewe humpangusa kwa pindo la leso akimaliza uji?" akasema. "Anakuita, Hanifa. Hilo ndilo jina lako."

Nimeitwa majina mengi na watu wengi. Sijui kama kuna lililowahi kuniingia kama hilo.

Nisalimie sana Shemeji Swabir na watoto wote, na jirani yako huyo kabla hata sijamjua. Mama anakusalimu na anasema goti ulikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Alfani na wanangu wanakupa mkono. Kache naye anakusalimu. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema yake, akukinge na kila baya, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Hanifa