Shingo ya Chupa Katika Dohani ya Bibi Lukerya

Kijiji cha Zarechye,
Karibu na Totma.
9 Oktoba, 1911.

Mpendwa dada yangu Fevronia,

Pokea salamu tele kutoka huku kwenye matope na uyoga. U mzima? Shemeji hajambo? Na kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unashindana na mbwa wa jirani? Sisi wazima. Mimi nimezidi uzima, utaona mwenyewe.

Ng'ombe kazaa dume. Kabichi tumeshatia chumvi, mapipa mawili.

Sasa kaa vizuri, dada. Unajua mimi nimetembea. Arkhangelsk nimefika mara mbili, na shule niliiacha kabla haijaniharibu. Lakini hapa kijijini, miaka kumi na tisa najenga majiko na kaka Prokhor, sikuwa na jina. Yeye watu humwita "Prokhor Savvich", jina lake pamoja na la baba, kofia mkononi kwa heshima. Mimi ni "mdogo wake". Hata mbwa wetu anaitwa kwa jina.

Mwezi wa nane tulimjengea bibi Lukerya jiko jipya, lile kubwa la kulalia juu yake. Matofali yote nilipanga mimi. Siku ya kumaliza bibi akatuandalia pai ya samaki na vodka, akamwinamia kaka: "Prokhor Savvich, Mungu aibariki mikono yako!" Kisha kwangu: "Na wewe, mdogo wake, kula basi."

Nikaisukuma pai kando. Unajua desturi yetu wajenzi: mwenye nyumba akikunyima kinywaji, unamfichia shingo ya chupa kwenye dohani, njia ya moshi, na upepo ukivuma jiko linalia. Bibi hakutunyima kitu, lakini wivu ulinipanda, nikapanda nao paani.

Upepo wa kaskazini ulipoanza, jiko lililia kama mbwa mwitu mwenye jino bovu. Padri akaja na ubani, likalia zaidi. Bibi wa watu akahamia zizini, akilala na mbuzi.

Jumapili kijiji kizima kilijaa uani. Kaka alipanda paani, akachungulia, akashuka na masizi hadi masikioni. Hakuona kitu. Wazee wakanong'ona kwamba kazi ya jiko la shule, tuliyokuwa tumeahidiwa sisi, apewe fundi wa Totma. Kaka akasimama kofia mkononi. Dada, siku hiyo niliingoja miaka kumi na tisa, na ilipofika sikuweza kuitazama.

Nikapanda. Nikachokonoa kwa kisu, nikashuka na ile shingo ya chupa.

"Umeiweka wewe?" kaka akauliza.

"Mimi, kaka. Nimechoka kuitwa mdogo wako."

Alinizaba kofi, kofia yangu ikaruka mpaka kwenye pipa la matango. Nilistahili. Halafu akageuza kile kioo mkononi, mara mbili, mara tatu.

"Mbona sikuiona, we shetani?"

"Ilikuwa katikati ya matofali, upande wa kaskazini. Niliipaka udongo juu."

"Lo! Hata marehemu baba asingeweza!" Akawageukia wazee. "Jiko la shule atajenga huyu. Mimi nitamkandia udongo."

Na alinikandia, dada! Prokhor Savvich, suruali imekunjwa magotini, anauliza, "Laini hivi inatosha, fundi?" Nami namjibu, "Ongeza mchanga, babu wewe!"

Juzi tuliliwasha. Watu wote nje, shingo zimeelekea juu. Moshi ukapanda wima kama mshumaa wa kanisani. Bibi Lukerya, ambaye kuni zake nimeahidi kupasua hadi masika, akanijia na pai mbele ya kaka, mbele ya padri, akainama: "Kula kwanza wewe, Yermolai Savvich."

Nilikula huku nalia. Nikasingizia kitunguu.

Msalimie shemeji, umbusu Tikhon mdogo, na shangazi Ustinya mwambie meno yangu bado yapo. Mungu awape kuni kavu na afya isiyo na nyufa.

Lo, nisisahau. Jana mgeni kutoka Totma alibisha hodi, akamwuliza kaka: "Hapa ndipo anapokaa kaka yake Yermolai fundi?"

"Ndiyo mimi," akajibu Prokhor. Akaja jikoni kunisimulia, akicheka mpaka akashika ukuta.

Ni mimi nikupendaye, na sasa nina jina la kutia sahihi,
Yermolai Savvich